Ngozi ya Milimita Moja

Barua ya kazi ilipofika, fundi hakuifungua palepale. Aliiweka mezani, akanawa mikono mpaka viwikoni, akakaa vizuri, ndipo akaipasua ubavuni kwa kisu chake cha kazi. Alikuwa ameingoja miaka kumi na tisa. Dakika tano zaidi zisingemuua.

"Wamenipa," akamwambia baba yake.

Mzee alikuwa ameketi dirishani, mito miwili mgongoni, kifua kikikoroma kama birika. Vumbi la mbao lilikwishakula nusu ya mapafu yake, na nusu iliyobaki aliitumia kwa uangalifu.

"Wamekupa nini, mama?"

"Ukumbi."

Hakuuliza ukumbi gani. Aligeuza uso, akatazama nje, akasema, "Achana nao ule."

"Siachani nao, baba. Uliandika kwenye mlango gani?"

"Nimesema achana nao." Akafumba macho. Miaka yote hiyo, akifika hapo, hufumba macho.

Ieleweke vizuri habari hii, maana waliohusika walitaka sana isieleweke. Ukumbi wa Umoja wa Mafundi ulitandikwa mbao za tabaka. Ukiitazama sakafu ile kwa juu utaapa ni mbao nzima, kumbe ni ngozi tu ya mti wa kweli, milimita tatu na ushee, imegandishwa juu ya plaiwudi. Mbao nzima unaipiga msasa wewe, akaja mwanao akaipiga, akaja mjukuu. Hii ya tabaka unaipiga mara moja. Mara mbili kama una mkono mwepesi. Ya tatu unatokea upande wa pili. Na plaiwudi ikishachungulia, basi. Hakuna rangi, hakuna vanishi, hakuna maombi.

Baba mtu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Alipoitwa kuupiga ukumbi huo mara ya tatu, alifungua bamba la shaba la kizingitini, akachungulia ubavu wa ubao, akamwambia msimamizi wa kazi, "Imebaki milimita moja. Tuisugue juu juu, tupake vanishi mpya, tuondoke." Msimamizi alikuwa kijana wa suruali yenye mkunjo mkali, ambaye hakuwahi kumaliza hata chumba kimoja kwa mikono yake. Akacheka. "Sema umechoka, mzee." Akamnyang'anya mashine, akaifungia msasa namba thelathini na sita, ule wenye meno, akatembea nayo hatua saba. Hatua ya nane mtu akamwita, naye akasimama kumjibu, silinda yenye msasa ikiwa bado inazunguka chini.

Mashine ya msasa haisimamishwi ikiwa chini. Hilo hata paka wa karakana analijua. Ilipoinuliwa, katikati ya ukumbi palikuwa na kidonda cha plaiwudi, upana wa silinda kamili, cheupe kama jino. Jioni ile mzee alibaki peke yake, akapaka vanishi, akafunga mabamba, akaondoka.

Kesho yake, mkutanoni, msimamizi alimnyooshea kidole baba mtu. Wakamsimamisha mzee wa watu juu ya kidonda kile, mbele ya mafundi zaidi ya mia, wakamvua kadi ya uanachama. Akasema neno moja tu la kujitetea: "Fungueni kizingiti. Nimeandika."

Kwa maana mafundi wa sakafu wana desturi yao. Kabla ya kulifunga bamba la mwisho, fundi huandika chini yake kwa penseli: sakafu imepigwa mara ngapi, imebaki unene gani, isipigwe au ipigwe. Ni salamu kwa mwenzake asiyemjua, atakayekuja baada ya miaka. Pale mkutanoni walikuwepo mafundi wa sakafu watatu waliolijua jambo hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wote watatu walitazama viatu vyao.

"Tubomoe ukumbi kwa maneno ya mtoboaji?" msimamizi akauliza, na ukumbi mzima ukacheka. Jina likaganda hapohapo. Mtoboaji. Dukani, mtaani, msibani: Mtoboaji kaja, Mtoboaji kakaa, mpe Mtoboaji kiti asije akatoboa mkeka.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amempelekea baba chakula, amesimama mlango wa mbele na kikapu. Alizihesabu sura zilizocheka, moja moja, kama anayesomea mtihani. Halafu akakua, akajifunza kazi ileile, akaijua. Watu walidhani amerithi mapenzi ya mbao.

*

Msimamizi yule sasa alikuwa mwenyekiti. Amekuwa mwenyekiti miaka kumi na moja, na siku ya Jumamosi angestaafu kwa heshima zote. Picha yake kubwa ingetundikwa ukutani, nayo tayari ilikuwa imeegeshwa pembeni, imefunikwa shuka.

"Karibu, binti," akasema, akimtembeza fundi ukumbini kwa viatu vinavyolia. Hakumtambua. Angemtambuaje? Watu wa aina yake hawatazami mlangoni kuna mtoto gani na kikapu. "Nataka ing'ae. Piga mpaka chini kabisa, itoke mpya."

"Nitatazama kwanza imebaki unene gani."

"Aa, nyie mafundi wa siku hizi! Kutazama, kutazama." Akafika katikati, akavuta zulia dogo kwa ncha ya kiatu. Kidonda kilikuwa pale pale, kimepauka kwa uzee. "Unaona hapa? Fundi mmoja wa zamani alituharibia. Mtoboaji. Umewahi kumsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi usije ukawa kama yeye."

"Siwezi kuwa kama yeye, mwenyekiti," fundi akasema. "Sijafikia."

Mwenyekiti akacheka, maana alisikia alichotaka kusikia. Mwanamke mtunza ukumbi, aliyekuwa anapangusa madirisha, hakucheka. Alimtazama fundi mara moja, kisha akairudia kazi yake.

Mwenyekiti alipoondoka tu, fundi akapiga magoti kwenye mlango wa mbele. Mlango ule ule. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya sita. Akaliinua bamba la shaba.

Chini yake hapakuwa na neno. Palikuwa na mikwaruzo. Mtu alikuwa ametia patasi, akakwangua ubao upana wa viganja viwili, akakwangua vibaya, kwa pupa, akaacha mitaro kama ya kuku akitafuta mdudu.

Alijua! Hilo ndilo lililompanda fundi kichwani. Kumbe mwenyekiti huyu siku zote alijua kwamba mzee hasemi uongo. Alisimama mbele ya watu akacheka, kisha siku nyingine, ukumbi ukiwa mtupu, akaja na patasi kufuta. Kwa hiyo haikuwa hasira ya dakika moja wala ujinga wa ujana. Ilikuwa kazi, na aliifanya kwa mikono yake, labda ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa mikono yake.

Fundi akaenda kwenye gari la mizigo, akaishusha mashine kubwa. Akaifungia msasa namba thelathini na sita. Akaisukuma mpaka katikati ya ukumbi, akasimama juu ya kidonda, kidole kwenye swichi. Dakika ishirini zingetosha. Kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na Jumamosi mwenyekiti angetundikiwa picha juu ya ukumbi mzima wa plaiwudi. Alimwona anavyoingia. Alimwona anavyoshika kichwa.

Halafu akaisikia sauti ya mwenyekiti, wazi kabisa: *Nini niliwaambia? Mtoto wa Mtoboaji.* Na angekuwa amesema kweli.

Akaondoa kidole.

"Hiyo mashine ina uzito gani?" mtunza ukumbi akauliza kutoka dirishani.

"Kama mwanaume mlevi."

"Basi iburuze taratibu, dada. Mwanaume mlevi ukimvuta kinyumenyume ndiyo anakuja."

Fundi akaishika mashine, akaanza kuivuta kinyumenyume kuitoa. Hatua ya tatu akasimama kama aliyepigwa kofi.

Kinyumenyume. Fundi wa sakafu anapopaka vanishi huanzia mlango wa mbele, anarudi nyuma na rola yake, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa mwisho, anatoka, ndipo anafunga bamba lililobaki. Hawezi kutokea alikoingilia; atakanyaga kazi yake. Kizingiti cha mwisho ni kile cha kutokea! Mtu wa ofisini angedhani ni mlango mkubwa wenye nguzo, na mtu asiyewahi kumaliza chumba angetia patasi hapohapo. Na yeye, fundi mwenye miaka kumi kazini, amekaa akifikiri kama mtoto mwenye kikapu.

Mlango wa kutokea ulikuwa kule nyuma, mdogo, mwembamba. Mlango wa kwenda maliwatoni.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Mtunza ukumbi alikuja kushika tochi bila kuombwa. Bamba lilipoachia, vumbi la miaka kumi na tisa likawatimkia usoni, na chini yake, kwenye ubao mtupu usiowahi kuona jua, mwandiko wa mzee ulikuwa umelala kama ulioandikwa jana. Herufi zimesimama wima, zimepangwa kwenye mstari, kila moja imekandamizwa.

*Imepigwa mara mbili. Imebaki milimita moja. Isipigwe tena. Nilimwambia msimamizi. Akaninyang'anya mashine akapiga mwenyewe. Katikati ametoboa yeye.*

Kisha tarehe, na alama yake, duara lenye nukta katikati, ambayo kila fundi wa rika lake aliijua.

Fundi hakulia. Alikaa kitako sakafuni, akalipitisha jicho tena na tena, kama mtu anayekunywa maji.

"Ni nani huyu aliyeandika?" mtunza ukumbi akauliza.

"Baba yangu."

Mama yule akazima tochi. "Mimi huyu bwana amenipigisha magoti kwenye sakafu hii miaka tisa," akasema, "kwa kuwa eti ufagio wenye mpini mrefu unaacha michirizi. Niambie unataka nini."

"Nataka hapa pasifunikwe."

*

Alifanya kazi siku tatu, na aliifanya vizuri, vizuri mno, vizuri kwa chuki. Aliiosha sakafu. Akaisugua kwa mkono mwepesi, msasa laini namba mia na hamsini, kiasi cha kuivunja vanishi ya zamani mng'ao tu, bila kugusa ngozi ya mti. Akanyonya vumbi, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ubao kwa ubao, kisha akapaka vanishi mpya. Kidonda cha katikati hakukigusa ila kukisafisha. Kila asubuhi alimpita mwenyekiti kwenye picha iliyofunikwa, akamwambia, "Umeamkaje, bwana?"

Kwenye kizingiti cha nyuma alifanya kazi ya pekee. Kwanza alidondosha vanishi kwa brashi ndogo, bila kusugua, penseli isichafuke. Ikakauka. Akapaka mkono wa pili. Wa tatu. Wa nne. Ile vanishi ngumu, ya viwanja vya michezo, isiyosikia kiatu wala kisigino. Ufa kati ya ubao na vigae vya korido akauziba kwa ukanda mwembamba wa mpira, mtu asijikwae. Maandishi yakakaa ndani ya kioo, unaweza kuyasoma ukiwa umesimama.

Ijumaa mwenyekiti alikuja kukagua. Akatembea ukumbi mzima, akajitazama sakafuni, akajipenda.

"Hapo katikati rudisha zulia, na meza yangu juu yake."

"Sawa."

"Na huu mlango wa mbele," akasema, mara sauti ikashuka, "ulilifungua bamba?"

"Nililifungua. Lazima kulifungua."

"Kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, mwenyekiti. Pasafi kabisa."

Pumzi ikamtoka mwenyekiti, akampiga begani kama mtoto aliyefaulu. "Na kule nyuma mbona kuna kamba?"

"Vanishi haijashika bado. Mtu akipita leo ataacha nyayo."

"Usijali, mimi huko siendi. Nina choo changu ofisini."

*

Jumamosi mchana mafundi wakajaa. Waashi, mafundi bomba, maseremala, wapaka rangi, wazee kwa vijana, wamevaa makoti yanayobana. Soda zikapita mara mbili, na mtunza ukumbi akahakikisha zimepita mara ya tatu. Picha ikafunuliwa, wakapiga makofi. Mwenyekiti akasimama nyuma ya meza yake, juu ya zulia lake, akafungua karatasi, na kila mtu akaona zilivyo nyingi.

Kwenye ukurasa wa nne mtunza ukumbi alikwenda polepole nyuma ya ukumbi, akakunja kamba.

Wa kwanza kwenda alikuwa fundi bomba mmoja mzee, aliyekuwa anakaa mstari wa mbele kwa ajili ya masikio yake. Fundi alimjua. Miaka kumi na tisa iliyopita sura yake ilikuwa ya kumi na nne kuhesabiwa. Mzee akafika mlangoni, akainua mguu avuke, ukabaki juu. Akauteremsha. Akatoa miwani. Hakwenda maliwatoni tena. Alirudi alikotoka, akamnong'oneza seremala wa jirani yake.

Seremala akaenda. Hakurudi. Akaenda mwashi. Wakaenda wawili wapaka rangi. Kufikia ukurasa wa saba kulikuwa na foleni kule nyuma, watu wazima wameinama, mmoja amepiga magoti, na mwenyekiti alikuwa anasoma "...uadilifu ambao ndio msingi wa..." kwa viti vilivyoanza kubaki wazi.

"Jamani," akasema akitabasamu, "soda imewafanya nini?"

"Hii si soda, mwenyekiti," fundi bomba akajibu, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri. "Tunasoma."

"Mnasoma nini?"

"Tusome kwa sauti?"

Hakungoja jibu. Akasoma yote, tangu *imepigwa mara mbili* mpaka *ametoboa yeye*, akataja tarehe, akataja duara na nukta. Vichwa vyote vikamgeukia mwenyekiti, kama fundi alivyokuwa ameota mara nyingi.

Mwenyekiti akaiacha meza. Viatu vikilia, akapasua kundi, akatazama chini. Fundi alimwona anavyogeuka, si kwa watu, bali kwa mlango wa mbele, haraka, kama mtu aliyesikia ameitwa kule. Hapo hata waliokuwa na shaka waliacha kuwa nayo.

"Funika!" akapiga kelele. "Bamba liko wapi? Wewe binti, leta bamba!"

"Bamba nimempelekea mwenyewe," fundi akasema. "Baba yangu. Aliyelifunga."

Mwenyekiti akamtazama, na kwa mara ya kwanza akamwona.

Akapiga magoti, na suti yake. Akatoa funguo, akaanza kukwangua. Funguo ziliteleza. Akakwangua tena, shingo imevimba, jasho likidondokea vanishi, nayo vanishi haikuacha hata mstari. "Leteni msasa! Leteni mashine, pigeni hapa!"

Fundi akafungua mkoba wake, akatoa karatasi moja ya namba thelathini na sita, akaiweka sakafuni mbele ya magoti yake.

"Piga," akamwambia. "Unajua kushika. Lakini chini ya hayo maneno kuna milimita moja."

"Ukipiga utatoboa, mwenyekiti," seremala akasema, kwa upole kabisa.

Kuna aliyeguna, kisha mwingine akacheka, kisha kicheko kikashika ukumbi kama moto. Mtu wa nyuma akaita, "Mtoboaji!" Na aliyeinua kichwa kwa kushtuka, uso umelowa, msasa mkononi, alikuwa mwenyekiti.

Fundi alizihesabu sura zilizocheka. Nyingi zilikuwa zilezile. Hakuwasamehe kwa hilo, wala hakuwa na mpango.

Akatoka nje. Baba yake alikuwa kwenye benchi chini ya ukuta, amevaa shati lililopigwa pasi, bamba la shaba mapajani. Fundi bomba mzee alikwisha mfikia, amesimama mbele yake, mikono imemning'inia.

"Twende ndani, ndugu yangu. Watu wanakungoja. Mlango wa mbele wote uko wazi."

"Kwa mbele siingii," mzee akasema. "Nitaingia nilikotokea."

Wakazunguka nyumba, taratibu, wakipumzika kila hatua kumi kwa ajili ya kifua. Korido ya maliwato ilikuwa imejaa watu; wakabana ukutani kumpisha. Mwenyekiti alikuwa amekwisha ondoka, kwa mlango wake wa ofisini. Karatasi ya msasa ilikuwa bado sakafuni.

Mzee akapiga goti moja, akapiga la pili, binti yake akimshika kwapani. Hakuyasoma maandishi, aliyajua. Alipitisha kidole gumba juu ya vanishi, mwanzo wa mstari mpaka mwisho, akitafuta kasoro kama alivyozoea.

"Mikono mitatu?"

"Minne, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Basi haitoki," akasema.